Daftari Kwanza, Mahakama Baadaye

Mtoto wa Timboroa akinyimwa nafasi katika safari ya uwakili, sababu hutajwa kabla hajashuka matatu: "Ni hilo jina lako." Mjomba atasema hivyo, mama anayeuza viazi kando ya barabara kuu ya Nakuru–Eldoret atasema hivyo, na mara nyingine huwa wamesema kweli. Lakini jaji hatauliza mjomba anaamini nini. Atauliza nani alinyimwa, nani alipewa, wawili hao walitofautiana kwa lipi, na karatasi ziko wapi. Makala haya ni ya yule anayetaka kuwa na majibu ya maswali hayo manne mkononi.

Anza kwa kutambua ni mlango upi uliofungwa. Kuna chuo kikuu, ambacho kwa wengi wa huku ni Moi pale Annex, Eldoret, au Kabarak na Egerton upande wa Nakuru. Kuna Kenya School of Law, yaani KSL, kule Karen. Kuna mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria. Kuna miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu, ambayo wanafunzi wenyewe huiita pupilaji. Mwisho kuna ombi kwa Jaji Mkuu, kiapo, na saini katika orodha ya mawakili. Kila mlango una bawabu wake na sheria yake, na barua kali ikipelekwa kwa bawabu asiyehusika ni stempu iliyopotea.

Mlango wa KSL ndio unaolalamikiwa zaidi, lakini mara nyingi malalamiko yake si ya ubaguzi wa rangi wala wa kabila. Sheria ya Kenya School of Law ya 2012 inataja shahada ya sheria, na kwa baadhi ya waombaji inataja C+ ya jumla katika KCSE pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili, na mtihani wa awali. Nani hasa anahitaji alama hizo? Ubishi huo umefikishwa mahakamani mara nyingi. Ukikataliwa kwa sababu ya alama, usikimbilie neno ubaguzi. Dai kwamba sheria imesomwa visivyo, au kwamba hukusikilizwa kabla ya uamuzi. Hiyo ni kesi fupi na haikulazimu kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa mtu.

Kwenye mtihani wa Baraza, asilimia 60 ya alama hutoka kwenye karatasi ya mwisho, 20 kwenye mradi na 20 kwenye mtihani wa mdomo. Karatasi ina namba tu, kwa hiyo ni vigumu kumshawishi mtu kwamba msahihishaji alijua wewe ni nani. Kwenye mtihani wa mdomo uso unaonekana na lafudhi inasikika. Ukiwa na shaka, shaka yako ianzie hapo: jioni ile ile andika maswali uliyoulizwa, na kama unaweza, mwombe mwenzako aliyeingia kabla au baada yako aandike yake pia.

Mlango wa nne ndio wenye giza. KSL ina sheria, Baraza lina kanuni, na Jaji Mkuu ana utaratibu. Ofisi ya wakili yenye vyumba vitatu juu ya duka la mabati mjini ina mwenyewe tu. Nafasi hazitangazwi, fomu hakuna, alama hazitolewi. Mwanafunzi anaingia na bahasha yake, anaulizwa jina la tatu, anaulizwa kwao ni wapi, na akijibu "Timboroa" anaulizwa tena: "Nataka kujua kwenu hasa." Swali hilo la pili liandike neno kwa neno, pamoja na tarehe, saa, na waliokuwepo. Timboroa iko mpakani mwa Uasin Gishu na Baringo, na wakazi wake ni Wakalenjin, Wakikuyu na wengine walioletwa na reli, msitu na mashamba. Waliokuwa hapa wakati wa machafuko ya kikabila ya 1992 na 2007–2008 hawahitaji kufundishwa uzito wa swali la "kwenu hasa". Yupo kijana ambaye kitambulisho chake kinasema Uasin Gishu na jina lake linasema Nyeri, naye hukataliwa Eldoret kwa jina na Nyeri kwa kitambulisho.

Hapa nitasema jambo ambalo wazazi wengi hawatalipenda. Mzazi yule yule anayelia kwamba mwanawe kabaguliwa ndiye aliyezunguka wiki nzima akitafuta "wakili wetu" wa kumchukua mtoto. Ukipata nafasi kwa njia hiyo, mtoto wa mtu mwingine ameikosa kwa njia hiyo hiyo. Na ukishindwa ukaenda mahakamani, wakili wa upande wa pili atakuuliza kwa upole kama hukuwahi kuomba nafasi kwa mtu wa kabila lako kwa sababu ni wa kabila lako. Omba popote, kwa barua ya namna moja, na uweke nakala. Barua zinazofanana zilizopelekwa ofisi nyingi ni ushahidi mzuri kuliko hotuba.

Sasa, ni ubaguzi wa rangi au wa kabila? Kwa sheria ya Kenya hutalazimika kuhangaika sana na mpaka huo. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza Serikali kumbagua mtu moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, na inataja rangi ya mwili, mbari, asili ya kabila au jamii, dini, lugha, mavazi, kuzaliwa na mengine; kisha 27(5) inaweka katazo hilo kwa watu binafsi pia. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 3, inakusanya rangi, mbari, uraia na asili ya kabila au taifa katika kapu moja. Mhindi wa Eldoret, Mnubi wa Eldama Ravine, Mturkana wa kambi ya msitu na Mkikuyu wa Timboroa wote wanapita humo.

Zamani kazi ya kuthibitisha ilikuwa rahisi kwa sababu wabaguzi walisema waziwazi. Mwaka 1894 Chama cha Wanasheria cha Natal, Afrika Kusini, kilipinga kusajiliwa kwa Mohandas Gandhi, na hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba kanuni zilipotungwa hakuna aliyemfikiria mtu asiye mweupe. Mahakama ilijibu kwamba sheria haikutofautisha weupe na wasio weupe, ikamsajili, halafu ikamtaka avue kilemba. Nchini kwetu, Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, aliporudi kutoka Uingereza katika miaka ya 1950 alipewa kazi katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa serikali ya kikoloni kwa theluthi moja ya mshahara wa Mzungu wa kazi ile ile. Alikataa, akafungua ofisi yake. Itazame ile theluthi kwa jicho la wakili: cheo kimoja, kazi moja, mwajiri mmoja, malipo mawili. Hapo hakuna haja ya shahidi wa kueleza nia ya mtu, kwa sababu hesabu imeshaeleza.

Leo hakuna anayekuandikia kwamba hukuchukuliwa kwa sababu ya mbari yako. Unaandikiwa kwamba nafasi zimejaa. Ndiyo maana kila anayefikiria kushtaki anapaswa kuifahamu kesi ya Samson Gwer na wenzake watano dhidi ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Hawa walikuwa madaktari watafiti Waafrika katika mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust. Walidai kwamba walibanwa katika mafunzo na kupandishwa daraja huku watafiti weupe wakipewa kipaumbele. Mwaka 2014 Mahakama ya Viwanda iliwapa ushindi na fidia ya shilingi milioni 5 kila mmoja. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na Januari 2020 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Mahakama ya Rufaa. Sababu kuu ilikuwa mzigo wa ushahidi. Anayedai ubaguzi ndiye anayeanza kuubeba, na hauhamii kwa mshtakiwa mpaka mdai aweke mezani kitu kinachohitaji kujibiwa. Majaji waliona kwamba madaktari hao hawakufika hapo.

Sidhani kesi hiyo ilimaliza haki ya mtu kulalamika, ingawa nimewasikia watu wakiisimulia hivyo. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Gichuru dhidi ya Package Insurance Brokers, iliyohusu mfanyakazi aliyepata ulemavu, Mahakama ya Juu hiyo hiyo ilimpa mfanyakazi ushindi. Huko kulikuwa na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachomtaka mwajiri athibitishe kwamba hakubagua, na kulikuwa na mambo mahususi ambayo mwajiri hakuweza kuyaeleza. Zisome kesi hizi mbili pamoja, maana zinakuonyesha unachohitaji: mtu wa kulinganishwa naye, na sheria inayokupunguzia mzigo kama ipo.

Mtu wa kulinganishwa naye ndiye moyo wa dai lako. Awe aliomba nafasi ile ile, kipindi kile kile, kwa bawabu yule yule, akiwa na sifa sawa na zako au chini ya zako, na awe wa jamii au rangi nyingine. Ukimpata mmoja una hoja. Ukiwapata wanne au watano una kesi. Usimtafute kwa uvumi. Mtafute katika darasa lako la KSL. Wanafunzi wanajuana, na kila mmoja anajua mwenzake alipata daraja gani na alichukuliwa na nani. Mwombe akubali kuandika hati ya kiapo, na umwambie ukweli kwamba huenda akaitwa kuhojiwa. Wengine watakataa, kwa sababu wanaogopa kwamba mji ni mdogo na mawakili wanakunywa chai mezani pamoja. Usiwalaumu, wala usiandike jina la mtu ambaye hajakubali.

Daftari lako lianze siku ya kutuma maombi ya kwanza, ukiwa bado na furaha. Andika tarehe, ofisi, uliyemwona, kilichosemwa na ulichojibu. Usiongeze hisia zako kwenye ukurasa huo. Zipe ukurasa mwingine ukitaka. Daftari lililoandikwa siku ya tukio lina nguvu ambayo simulizi la mwaka mmoja baadaye haliwezi kuipata. Barua zote ziwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukituma kwa baruapepe, usifute chochote. Ujumbe wa WhatsApp uuache kwenye simu yenyewe hata ukishauchapisha, kwa kuwa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza karatasi hiyo ilitolewa kwenye chombo gani na vipi. Watu wengi wamefika mbele ya jaji na picha nzuri za skrini bila cheti hicho, wakarudishwa. Na usimrekodi mtu kwa siri ukidhani umepata dhahabu. Ibara ya 50(4) ya Katiba inaitaka mahakama iukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mwingine, ikiwa kuupokea kutaharibu haki ya kesi.

Hatua inayofuata ni ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi: omba sababu kwa maandishi. Kwa chombo cha umma, barua fupi inatosha. Iwe hivi:

"Niliomba kujiunga na mafunzo ya uwakili, na kwa barua yenu niliyoiambatisha mlinijulisha kwamba ombi halikukubaliwa. Kwa mujibu wa ibara ya 47(2) ya Katiba na kifungu cha 6 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, naomba nipewe kwa maandishi sababu za uamuzi huo, vigezo vilivyotumika, na jinsi nilivyopimwa kwa kila kigezo. Naomba pia kujulishwa utaratibu wa kukata rufaa ndani ya taasisi yenu."

Usiandike neno ubaguzi katika barua hiyo. Ukiliandika, itapelekwa kwa wakili wao na jibu litakuja limepigwa pasi. Ukiuliza kwa utulivu, karani anaweza kukujibu ukweli. Wakikaa kimya, kimya hicho nacho kina kazi: kifungu hicho cha 6 kinasema kwamba taasisi isipotoa sababu, mahakama itachukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Barua ya pili ni ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, na taasisi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Omba takwimu, usiombe majina: walioomba ni wangapi, waliochukuliwa ni wangapi, kwa kaunti na kwa jinsia, katika miaka mitatu iliyopita. Ukiomba majina na makabila ya watu utakutana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 mlangoni. Wakikunyima, una siku 30 za kupeleka suala kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama Ombudsman, nayo ina ofisi Eldoret. Ofisi binafsi ya mawakili si chombo cha umma, lakini ibara ya 35(1)(b) inampa raia haki ya taarifa iliyo kwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji ili kulinda haki yake. Andika kwa heshima na utaje ibara hiyo. Wengi hawatajibu, na nakala yenye muhuri utabaki nayo.

Takwimu hizi ndizo zinazoweza kukupa dai la ubaguzi wa kuzunguka, yaani sharti linalomhusu kila mtu kwa maandishi lakini linaloumiza jamii moja kuliko nyingine. Ofisi ikisema mwanagenzi lazima ajue lugha ya mama ya wateja wake, hilo ni sharti la namna hiyo. Kuna wakati lina mantiki, kwa mfano ofisi inayoshughulikia mirathi ya wazee vijijini. Kuna wakati ni pazia tu. Tofauti utaiona ukiuliza kama wanagenzi waliopo wote walipimwa lugha hiyo.

Ukishakuwa na karatasi, chagua mahali pa kwenda. Utaratibu wa ndani uje kwanza: rufaa ya KSL au ya Baraza. Baada yake lipo Jopo la Rufaa za Elimu ya Sheria, lililoundwa na Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012. Watu hulisahau jopo hili kwa sababu wanataka jaji, kisha jaji anawauliza kwa nini hawakupita huko. Kifungu cha 9 cha ile Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 kinasema mahakama haitapitia uamuzi kabla njia za ndani hazijamalizwa, isipokuwa kwa hali za kipekee ambazo ni lazima uziombe. Malalamiko ya kabila au rangi unaweza pia kuyapeleka Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, inayochunguza na kupatanisha. Kwa maoni yangu NCIC inafaa zaidi kwa mlango wa uanagenzi kuliko wa KSL, kwa sababu pale tatizo ni la mtu na mtu, na simu kutoka kwenye Tume huweza kufungua kilichokuwa kimefungwa. Sheria yake pia inakataza kumlipizia kisasi aliyelalamika.

Kwa mwanagenzi aliyekwisha kupokewa kisha akabaguliwa kazini, kwa mfano akipewa kazi ya kupeleka faili na kuchemsha chai huku wenzake wakienda kortini, ipo Sheria ya Ajira. Tafsiri yake ya mfanyakazi inamjumuisha anayejifunza kazi, na kifungu cha 5 kinamlinda hata anayeomba kazi. Kama mwanagenzi wa uwakili anaingia humo ni hoja ambayo wakili wako atalazimika kuijenga, hasa kama hukulipwa. Inastahili kujengwa, kwa sababu ya ule mzigo wa ushahidi unaomwangukia mwajiri. Madai ya sheria hii yana kikomo cha miaka mitatu.

Mwisho kuna Mahakama Kuu, na kwa Timboroa ni Eldoret. Dai la haki za msingi hufunguliwa chini ya ibara ya 22, na ibara ya 22(3)(c) inasema ada isitozwe kwa kuanzisha kesi ya namna hiyo. Ukitajiwa ada dirishani, itaje ibara hiyo kwa adabu. Andika dai lako kwa usahihi uliotakiwa tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979: ibara ipi ilivunjwa, ilivunjwa vipi, na wewe uliumiaje. Ukurasa mmoja wa matukio yenye tarehe unashinda kurasa kumi za historia ya ukoloni, hata kama historia hiyo ni ya kweli na shamba la babu yako lilikuwa ndani ya nyanda walizojitengea Wazungu. Omba amri ya muda mapema kama masomo yanakaribia kuanza, kwa sababu hukumu nzuri inayokuja baada ya mwaka wa masomo kuisha ina manufaa machache. Kama huna pesa za wakili, tawi la Chama cha Wanasheria la Bonde la Ufa Kaskazini liko Eldoret, na ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016.

Kuna mlango wa tano, ombi kwa Jaji Mkuu. Hapa Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inataka uraia katika kifungu cha 12, elimu katika cha 13, na ombi lenye kiapo katika cha 15, pamoja na mawakili wa kukuthibitishia tabia njema. Nakala huenda kwa Baraza na kwa Chama cha Wanasheria. Mtu akikupinga, taka pingamizi lake kwa maandishi na ulijibu kwa kiapo. Kama uliwahi kukamatwa, hata kwa kosa dogo ukiwa chuoni, liseme mwenyewe. Anayelificha ndiye anayempa mbaguzi sababu halali.

Uraia unawatesa zaidi watu ambao ni raia. Wanubi wa Eldama Ravine wanajua mambo ya kupigwa msasa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Kama familia yako ina historia hiyo, usisubiri mwaka wa ombi. Hakikisha kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vina jina moja lenye tahajia moja ukiwa bado mwaka wa pili wa shahada, na kila ucheleweshaji uingie kwenye lile daftari. Hilo ni dai dhidi ya ofisi ya usajili wa watu, na lina wakati wake. Kwa asiye raia kabisa, ajue kwamba ibara ya 27(4) haikuutaja uraia kwa jina, ingawa orodha yake imeachwa wazi. Nchi nyingine zimelipima jambo hili: Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1973 katika kesi ya Griffiths, na ya Kanada mwaka 1989 katika kesi ya Andrews, zote zilitupa sharti la uraia kwa mawakili. Jaji wa Kenya hafungwi na hukumu hizo, lakini anaweza kushawishiwa nazo.

Wakati yote haya yanaendelea, usikae nyumbani Timboroa ukisubiri tarehe ya kesi. Chukua uanagenzi kwingine, hata kama ni Kitale au Kericho na chumba cha kupanga kitakula akiba, mradi wakili huyo ana miaka ya uzoefu inayotakiwa. Haki yako ya kudai haipotei kwa kuwa umepata nafasi nyingine. Weka risiti za nauli na kodi ya chumba, kwa sababu hizo ndizo hasara zinazohesabika fidia ikifika kupigiwa hesabu, na mpe mtu unayemwamini nakala ya daftari lote akutunzie katika nyumba nyingine.